Marehemu aliniambia nisimtupe poni wake, sasa kuna mtu anataka kumnunua

Salaam aleikum mama mshauri,

Naomba jina langu lisitoke, maana huku kwetu ukisema tu neno poni, yule farasi mdogo, kila mtu anajua ni boma gani. Mimi ni mjane wa miaka 38, naishi Jinja upande wa kuelekea Bujagali, nina watoto watatu.

Mume wangu alikuwa saisi. Miaka 11 alitunza farasi wa mzungu mmoja aliyekuwa anapandisha watalii kando ya Nile, alianzia kuzoa mavi mpaka akawa ndo anawafundisha wale wachanga kuvaa tandiko. Korona ilipokuja watalii wakakatika, yule mzungu akafunga akarudi kwao, na kwa sababu pesa ya kuwaaga wafanyakazi haikutosha akampa mume wangu poni mmoja jike na tandiko na hatamu yake, wakaandikiana karatasi, ninayo. Poni anaitwa Asali, rangi yake ni hiyo hiyo, sasa ana kama miaka 19.

Mwanzo nililalamika sana mama, nilimwambia mume wangu wenzako wanapewa pikipiki wewe unaleta mdomo mwingine wa kulisha. Lakini alimfanya akatuletea sente. Jumapili na siku za Idi tulikuwa tunamfunga utepe shingoni, watoto wanapanda mzunguko mmoja 5,000, wengine wanapiga picha tu. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 8 wakati huo na baba yake alimfundisha kila jioni, kwanza bila vikuku vya kukanyagia miguu, anamzungusha Asali kwa kamba ndefu naye mtoto ameinua mikono kama ndege, mpaka leo nikifunga macho naiona.

Mwaka 2023 mume wangu aliugua akafariki. Siku mbili kabla, pale hospitali, alinishika mkono akasema, "Usimtupe Asali." Hakusema zaidi, akalala.

Sasa mambo ndo haya. Kijana wangu wa pili amepita P7, yaani darasa la saba, anaingia senior one ya sekondari na shule inataka 850,000 kwa muhula, bado sare na godoro. Mimi nauza chapati na chai asubuhi. Zamani Asali alikuwa anakula nyasi kavu za robota lakini bei ilinishinda, nikahamia nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, tunakata wenyewe kando ya bonde, na pumba za mahindi nyingi kidogo ili ashibe, na nikikosa pumba jirani yangu anayefuga kuku ananipunguzia mash. Fundi wa kwato alikuwa ni mume wangu mwenyewe, tangu aondoke kwato zimekatwa mara mbili tu, anatoka mbali huyo fundi na nauli yake ni yangu.

Na Asali mwenyewe amebadilika. Amekonda mgongoni ila tumbo lipo. Binti akimfunga mshipi wa tandiko analaza masikio nyuma, juzi alitaka kumng'ata. Anajikwaa kwaa. Anachezea hata chakula, anatafuna alafu anadondosha. Binti anasema amekuwa mvivu, mi nasema anamlilia baba yao, kwa sababu mpaka leo pikipiki yenye mlio kama wa ile ya marehemu ikipita barabarani, Asali anainua kichwa anaangalia geti mpaka mlio uishe. Nakwambia mama, siku hizo mimi naingia ndani.

Sasa kuna mtu wa Entebbe anafanya shughuli za birthday za watoto kule ufukweni, amekuja mara moja akamwona, anatoa milioni 3 na nusu cash. Anataka jibu kabla shule hazijafunguliwa. Shemeji yangu ameshakubaliana naye nusu, anasema mnyama ni wa ukoo na mimi naendekeza hisia wakati mtoto atakosa shule. Mama mkwe anasema neno la maiti halivunjwi. Binti yangu sasa ana miaka 14, alivyosikia aliacha kula jioni ile, akasema Asali akienda na yeye anaenda. Nikimuuza nimevunja ahadi na nimempoteza binti. Nisipomuuza kijana anakaa nyumbani. Nashindwa kulala. Nisaidie mama.

Mjane wa Jinja

JIBU

Wa aleikum salaam dada yangu. Pole sana. Najua umeshaambiwa pole nyingi lakini msiba wa mtu aliyekuwa anafanya kazi ya mikono pale nyumbani unaendelea kuonekana kila siku, kwenye kwato ambazo hazijakatwa, kwenye kamba iliyotundikwa. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kabla sijagusa chochote kuna jambo moja la leo hii, na hili sikushauri, nakuomba. Hiyo mash ya kuku acha kabisa, hata kijiko. Vyakula vingi vya kuku vinachanganywa dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya tumboni mwa kuku, na mojawapo inaitwa monensini, kuku anaivumilia, ng'ombe anaivumilia, lakini kwa farasi na poni inaharibu moyo na kiasi kidogo tu kinaua. Jirani hana ubaya, amekupa kwa roho safi, wengi hawajui. Pumba zikiisha bora Asali ale majani peke yake.

Sasa tuongee.

Nikikuelewa vizuri, umesimama kati ya watu wanne na kila mmoja amekushikia upande. Shemeji ameshika ada, mama mkwe ameshika neno la marehemu, binti ameshika kamba ya Asali, na yule mtu wa Entebbe ameshika saa. Na wewe umejiwekea milango miwili tu, kuuza au kubaki naye, na kila mlango umeuandikia juu yake nani atakulaumu. Naomba nikuulize kuhusu hiyo milango, kwa upole, maana mimi nakaa mbali na we ndo unakaa na Asali.

Tuanze na neno lenyewe. Marehemu alisema usimtupe. Mama mkwe amelisikia kama usimuuze, na naona na wewe umelichukua hivo hivo. Lakini mtu aliyekaa na farasi miaka 11 anajua farasi wanauzwa kila siku, yeye mwenyewe Asali alimpata kwa karatasi, alitoka mkono mmoja akaingia mwingine na hakuitwa ametupwa. Kwa saisi, mnyama aliyetupwa ni yule asiye na mtu wa kumwangalia miguu, asiyepigwa brashi kabla ya kuvikwa tandiko, anayefanyishwa kazi huku anaumwa. Siwezi kusema ndo alichomaanisha, sikuwepo, wewe ulimshika mkono. Ila jiulize kwa sauti yake, ungemrudia ukamwambia Asali yupo nyumbani lakini anajikwaa, au Asali yupo kwa watu wengine na anatembea vizuri, angekunja uso kwa lipi. Huenda ni kwa yote mawili. Nakuuliza tu.

La pili ni huyu Asali anayelia. Kile kichwa anachoinua pikipiki ikipita nakiamini kabisa, farasi wanakumbuka watu na sauti, hilo usikubali mtu akucheke. Lakini mengine uliyoniandikia nimempigia daktari wa mifugo ninayemfahamu na mzee mmoja aliyewahi kuwa saisi, nikawasomea bila kusema ni nani, na wote wawili walinyamaza palepale kwenye chakula anachodondosha. Farasi hatapiki, koo lake halimruhusu, kwa hiyo akitafuna akadondosha vidonge vya majani yaliyosagwa nusu, mara nyingi ni meno. Meno yake yanaendelea kuota maisha yote na yanasagika kwa pembeni yanakuwa na makali yanayokata shavu na ulimi, inabidi yapigwe tupa angalau mara moja kwa mwaka, na kwa miaka 19 yanaweza hata kuwa yanalegea. Tumbo lipo lakini mgongo umekonda, hiyo nayo wakasema ni minyoo au ni chakula hakisagiki, au vyote.

Alafu kuna nepia. Hapa daktari aliongea sana na mimi nikaandika, nikufikishie kama alivyosema. Nepia ina kitu kinaitwa oksaleti ambacho kinafunga kalsiamu tumboni, ng'ombe tumbo lake linaivunja, la farasi haliivunji vizuri hivo. Pumba nazo zina fosforasi nyingi. Ukimlisha farasi nepia tupu na pumba kwa miezi mingi mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, anaanza kujikwaa, kuchechemea mguu huu leo kesho ule, kutafuna kwa maumivu, na ikiendelea mifupa ya uso inavimba. Hajasema Asali anayo hiyo, hajamwona, na kujikwaa kunaweza kuwa ni kwato ndefu tu, maana hizo zinatakiwa kukatwa kila wiki 6 mpaka 8 na wewe umeniambia mara mbili tangu 2023. Lakini inapimika na ikiwahiwa chakula kinarekebishwa. Usijilaumu dada, ulibadilisha nyasi kwa sababu ulitaka ashibe.

Na tandiko pia. Mgongo ukikonda tandiko lililokuwa linakaa sawa linaanza kuchoma. Mwambie binti apitishe vidole pole pole kila upande wa uti wa mgongo kabla ya kumvika, kwa kubonyeza kidogo, kama Asali anazama chini au ngozi inarukaruka, hapo pana maumivu. Yale masikio ya nyuma anapofungwa mshipi yanaweza kuwa ndo namna yake ya kusema.

Kuna kitu kingine na hiki ukimwambia binti chagua maneno. Amekua. Wazee wa farasi wanapenda kusema mzigo mgongoni, mtu pamoja na tandiko, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Utepe wa fundi cherehani unatosha kukadiria, unazungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, unapima urefu toka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, vyote kwa sentimita, kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa 11,900, unapata kilo. Poni wa kifua sentimita 150 na urefu 140 anakuja kama kilo 265, moja ya tano yake ni 53. Mtoto wa miaka 14 mwenye kilo 50 akiweka na tandiko ameshapita. Si kosa lake na wala si kwamba ni mnene, ni kwamba baba yake alimpandisha akiwa na miaka 8. Inawezekana mvivu anayemwona ni mnyama mdogo, mgonjwa, anayebeba msichana mkubwa anayempenda. Na inawezekana binti analijua hilo moyoni na ndo maana amekuwa mkali hivyo, sijui, muulize mkiwa zizini na si mezani, watoto wa umri huo wanaongea vizuri mikono ikiwa na kazi.

Hayo yote nimeyaweka mbele ya milioni 3 na nusu kwa makusudi, kwa sababu yanagusa kila mlango.

Ukimuuza sasa hivi kama alivyo, ada ya kijana inapatikana karibu mwaka na kidogo, hilo ni jambo kubwa na sitalidharau. Lakini yule bwana anamnunua awabebe watoto wa watu siku nzima kwenye mchanga, kati ya muziki na maputo. Poni anayeumwa mdomo na mgongo akibanwa hivyo anaweza kung'ata au kuangusha mtoto, na hapo ataanza kukutafuta akisema ulimuuzia mbovu. Kama mazungumzo yataendelea, mwambie ukweli wa afya yake mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine, hata kama bei itashuka. Muulize analala wapi usiku. Kando ya ziwa jioni na alfajiri kuna usubi, na usubi ndo unaeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao pundamilia wanatembea nao bila shida lakini farasi unamuua haraka, kwa hiyo mwenye akili anawaingiza bandani kabla jua halijazama na anajua habari za chanjo. Muulize nani anakata kwato. Muulize akizeeka asiweze kazi atafanywa nini. Majibu yake yatakuonyesha mengi, na namna atakavyoyajibu.

Ukibaki naye, uwe unajua unabaki na nini. Poni wengi wanafika miaka 25 na wengine 30. Hiyo inaweza kuwa miaka 10 ya majani, dawa ya minyoo, meno, fundi, na mwisho wake anakuwa ni mzee anayekula tu. Mapato ya Jumapili yanaweza kurudi akipona, kwa watoto wadogo, binti akiongoza kwa kamba chini badala ya kupanda. Lakini hayo sitayahesabu kama ada ya shule, na wewe usiyahesabu hivyo mpaka daktari aseme. Hatari ya mlango huu ni kwamba kijana naye anaweza kukua akiamini farasi alipewa nafasi yake darasani, na huyo kijana kwenye barua yako hajasema neno hata moja. Umemuuliza?

Katikati kuna njia nyingine ambazo sijui kama umezifikiria. Kuna watu wanaofuga farasi kwa ajili ya mafunzo na watalii, huko kwenu kwenye Nile, Kampala, mpaka Ziwa Mburo wanakopanda katikati ya pundamilia, na mahali kama hapo poni mpole aliyezoea watoto ana thamani hata akiwa mzee. Unaweza kumpeleka kwa makubaliano, wao wanamlisha na kumtibu wanamtumia kwa kazi nyepesi, yeye anabaki wako, na binti anaenda wikendi kusaidia. Haileti milioni 3 lakini inakuondolea gharama, na binti anapata watu wa kumfundisha zaidi ya pale baba yake alipoishia, pengine hata juu ya farasi wa saizi yake. Hatari yake ni kwamba makubaliano ya mdomo yanasahaulika, mwaka wa pili unaambiwa mnyama ni wao. Au unaweza kumuuza kwa sharti kwamba wakitaka kumuuza tena waanze na wewe. Vyovyote, iandikwe, na mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, agonge muhuri, na ile karatasi ya mzungu piga kopi kabla hujamwonyesha mtu.

Kuhusu shemeji. Naamini anamwonea uchungu mtoto wa kaka yake, tumpe hilo. Lakini karatasi inasema Asali alipewa mume wako, na mume wako ameacha mke na watoto, si ukoo peke yake, sheria ya urithi ya Uganda inamtambua mjane na watoto. Shemeji hana ruhusa ya kukubaliana bei nusu wala robo kwa niaba yako. Unaweza kumwambia kwa heshima tu, "Shemeji nashukuru unahangaikia ada, naomba kwanza daktari amwone mnyama ndo tuongee bei." Hapo hujakataa wala hujakubali. Na hiyo haraka ya yule bwana, mimi hainipi amani, mtu anayemtaka mnyama kweli anaweza kusubiri wiki 2. Shuleni nako nenda ukaongee na mkuu wa shule kuhusu kulipa kidogo kidogo, wengi wanakubali mzazi akija mwenyewe mapema.

Kwa mama mkwe nenda na swali, usiende na uamuzi. Mwambie akuhadithie mwanawe alivyokuwa na wanyama utotoni. Anaweza kukuambia mwenyewe kutupa maana yake ni nini kwa mwanawe.

Kesho asubuhi ukishamaliza chapati, mpe Asali majani yake ukae naye dakika 10 na binti, bila tandiko. Hesabuni vidonge anavyodondosha, muokote mviweke kwenye karatasi kumwonyesha daktari, mpimeni kifua na urefu kwa utepe mwandike kwenye daftari. Alafu niandikie tena, unieleze daktari amesema nini na binti amesema nini.